Kipande cha mamangu kilibaki langoni

Wiki iliyopita nilimsindikiza mamangu kwenye jengo moja la serikali hapa Mombasa. Soja wa langoni akachukua kipande chake, yaani kitambulisho, akakitupa kwenye boksi la viatu, akampa kibao chenye namba. Tulipotoka, zamu ilikuwa imebadilika na kipande hakimo. Nikamuuliza AP, yaani Polisi wa Utawala, aliyeketi kando, bunduki mapajani. "Hayo hayanihusu, ndugu yangu." Askari wa kaunti aliyekuwa akihangaika na magari nje alicheka tu.

Nilikasirika, ila nikiri kwamba yule AP hakunidanganya. Sisi tukiona sare tunasema "askari", basi, kumbe pale langoni pana watu wa mabwana watatu. Soja ni wa kampuni, yuko chini ya sheria ya ulinzi wa kibinafsi ya 2016. Kanjo, yule askari wa kaunti, ni wa gavana. AP ndiye polisi hasa: kwa Katiba ya 2010, Polisi wa Utawala ni mkono mmoja wa Huduma ya Taifa ya Polisi, wakiongozwa na naibu wao wa Inspekta Jenerali. Kulinda mali ya serikali wamepewa na sheria ya polisi ya 2011. Zamani kikosi cha majengo kikiitwa SGB. Kwenye mageuzi ya 2018, AP wengi walivishwa buluu wakapelekwa vituoni chini ya OCS, mkuu wa kituo. Ulinzi wa majengo na mitambo muhimu ukawa wa kikosi kiitwacho CIPU, chenye wakubwa wake chenyewe. Ukikimbilia kituo cha jirani kumshtaki mlinda lango, OCS atakwambia huyo si wangu.

Mgawanyo wenyewe sina ugomvi nao. Mlinda ofisi akiitwa kila mara kutuliza ghasia Likoni, ofisi italindwa na nani? Kinachoniudhi ni kwamba mwananchi hana pa kuuona. Sheria hiyo hiyo ya 2011 inamtaka polisi mwenye sare aonyeshe jina au namba yake ya kazi. Kifua cha AP wetu kilikuwa kitupu. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ipo, inapokea malalamiko, lakini utamwandika nani? "AP mnene mwenye miwani"?

Najua nitaambiwa kuhusu Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia Bunge. Haya, wakaze ulinzi. Mamangu na buibui lake hakwenda kuvunja kitu.

Mimi ningeanza na kibao cha bati langoni: soja ni wa kampuni gani, AP ni wa kikosi gani, mkubwa wao apigiwe namba ipi. Fundi yeyote wa Mwembe Tayari atakichora kwa siku moja. Na vipande visilazwe kwenye boksi. Namba iandikwe daftarini, mtu arudishiwe chake pale pale.

Kipande kilipatikana kesho yake. Soja wa kwanza alikitia mfukoni kwa kusahau, akalala nacho kwao Kisauni. Mamangu alikipokea kwa mikono miwili: "Ahsante, mwanangu." Mimi nilikuwa bado nimenuna.