Mpangaji Kahama Tena

Hivi kuna neno limechoshwa na Watanzania kama "mpango"? Kijana anakwepa deni, ana mipango. Bwana harusi hajamaliza mahari, ana mipango. Fundi kala advansi, mlango haujaja, ukimpigia anajibu, "Iko kwenye mpango, bosi." Halafu na nchi nayo ina mpango, tena si mmoja. Kuna Dira ya Maendeleo ya miaka 25. Ndani ya Dira kuna Mpango Elekezi wa muda mrefu. Ndani ya huo kuna Mpango wa Miaka Mitano, ndani yake mpango wa mwaka, ndani ya mwaka bajeti, ndani ya bajeti mpango wa manunuzi na mpango wa mtiririko wa fedha. Unafunua sufuria unakuta sufuria. Ukiuliza wali uko wapi, unaambiwa subiri robo ya nne.

Tuanze na mpishi. Chombo kinachopangia Tanzania maendeleo kinaitwa Tume ya Mipango, na chombo chenyewe sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni bango la getini. Tume iliundwa kwa sheria ya 1989. Baadaye kazi ya mipango ikakaa Ofisi ya Rais, chumba kimoja na ubinafsishaji. 2006 ikawa Wizara ya Mipango, Uchumi na Uwezeshaji. 2008 Tume ikafufuliwa. 2015 mipango ikahamia kwa mwenye pochi, ikazaliwa Wizara ya Fedha na Mipango, na waziri wake akawa Dkt. Philip Mpango, ambaye kabla ya hapo alikuwa Katibu Mtendaji wa Tume yenyewe. Hapo mlalamikaji unakosa pa kushika. Mtu anaitwa Mpango, anatoka Mipango, anapewa Mipango, utasema nini? Kisha 2023 ikaja sheria mpya, Tume ikarudi tena Ofisi ya Rais. Kiswahili kilishaliona hili mapema, ndiyo maana anayepanga na anayekaa nyumba ya kupanga wote tunawaita mpangaji. Leo chumba hiki, kesho kile, godoro kichwani.

Kuhamahama huku kuna sababu, na sababu yenyewe inaeleweka hata na mama mwenye nyumba. Ukimweka anayepanga mbali na anayeshika fedha, anaota. Ataandika reli, bandari na umeme kila kitongoji, na hakuna wa kumwambia, "Ndugu, tuna ngapi?" Ukimweka ndani ya ofisi ya fedha, anaacha kuota kabisa, kwa kuwa ofisi ya fedha hufikiria mwisho wa mwezi: mishahara, deni la taifa, umeme wa ofisi. Mpango wa miaka 15 utashindana vipi na mshahara wa mwezi huu? Kila mara unaambiwa upishe kidogo. Basi wakimchoka huku wanamhamishia kule, na kila akihama kuna mihuri mipya, karatasi mpya zenye nembo, na majalada yaliyobaki kwa mwenye nyumba wa zamani.

Kwa sasa mwenyekiti wa Tume ni Rais. Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Ukimpa mtoto wa kati kazi ya kupanga zamu za kuosha vyombo, kaka mkubwa hamsikii. Waziri wa maji hawezi kumpangia waziri wa barabara afukie mtaro wake kwanza ndipo lami imwagwe, na matokeo yake mnayajua: lami Jumatatu, bomba Alhamisi. Anahitajika mtu ambaye akisema "wewe subiri", mawaziri wote wanasubiri. Chini yake kuna sekretarieti ya wachumi na watakwimu, ikiongozwa na Katibu Mtendaji. Hao ndio wanaokesha na majedwali. Na msidhani kwa kuwa wanapangia wengine wao wanajichotea: Tume nayo ina fungu lake kwenye bajeti, Fungu 66, na inakwenda bungeni kuomba kama wizara yoyote. (Zanzibar wana Tume yao na Dira yao. Wao wanahangaika na vyao, nami nimebanwa na vya huku Bara.)

Sasa tazama namba wanazopikia. Sensa ya 2022 ilitukuta 61,741,120, tukiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Piga hesabu: mpango ukichelewa mwaka mmoja, kuna watu karibu milioni 2 wapya mlangoni, wote wanataka chanjo, na baada ya miaka michache wote wanataka dawati. Halafu unasikia mtu anasema mradi "umechelewa kidogo tu".

Dira 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, inataka uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa kipato cha dola 7,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Nyumba yenye vichwa sita ni dola 42,000. Watoto waliokuwa wanaitwa mzigo ghafla wamekuwa mtaji, mtu anawasalimia kwa heshima. Tatizo ni hilo neno wastani. Wastani haujawahi kulipa ada ya mtu. Jirani akiwa na dola 14,000 na wewe huna kitu, wastani wenu umetimia na Dira imefaulu.

Kuna na kitu kinaitwa ugharamiaji. Mpango wa Tatu wa Miaka Mitano, wa 2021/22 hadi 2025/26, uliwekewa shilingi trilioni 114.8. Kati ya hizo serikali trilioni 74.2, sekta binafsi trilioni 40.6. Sekta binafsi! Hii ni sawa na kamati ya harusi kumwandika mjomba ng'ombe watatu, na mjomba yuko Mpanda, hana habari kama kuna harusi. Mwekezaji hapokei maelekezo. Anaangalia kodi, umeme, na kama kibali kinatoka wiki hii au mwaka kesho, ndipo anatoa ng'ombe wake au anampeleka harusi ya jirani. Na mjomba akikohoa tu, lengo linayumba. Mpango ulitaka uchumi ukue kwa asilimia 8 ifikapo 2026. Mwaka 2024 ulikua kwa 5.5. Si haba, lakini bwana harusi bado anahesabu viti.

Haya, hayo ni ya juu. Kinachonikera hasa ni cha chini, maana tumeambiwa mipango inaanzia chini. Chini kabisa ni kitongoji, na Bara vipo zaidi ya 64,000. Juu yake kijiji, vipo zaidi ya 12,000. Njia yenyewe inaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wawezeshaji wanakuja na bango kitita na kalamu za rangi, wananchi wanaulizwa kwanza fursa: mna mchanga, mawe, mto, nguvu kazi? Watu wanaitikia kinyonge, ndiyo, ndiyo. Ikifika vikwazo, hata bibi aliyekuwa amesinzia chini ya mwembe anainuka na kusogeza kiti mbele.

Orodha ikishakamilika, Halmashauri ya Kijiji, wajumbe 15 hadi 25, inaipeleka Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi, na unatakiwa kila miezi mitatu. Unatakiwa. Watu hujaa siku ya mbolea ya ruzuku. Siku ya mapato na matumizi wanabaki mwenyekiti, mtendaji, na mzee mmoja anayemdai mwenyekiti.

Na hapa ndipo vijiji vingi vinazikwa vikiwa hai: muhtasari. Ombi halipandi kwa miguu ya watu, linapanda kwa miguu ya karatasi. Muhtasari uwe na tarehe, agenda, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, uamuzi uliofikiwa, na muhuri. Mtendaji akiandika "wananchi waliomba kuletewa maendeleo", mmekwisha. Andika: kumalizia boma la zahanati, kitongoji fulani, vyumba kadhaa, limefika usawa wa lenta, wananchi wamechangia tofali kadhaa na mchanga tripu kadhaa, linahitajika paa, milango, madirisha na sakafu. Bandika na muhtasari wa aliyetoa kiwanja, amesaini yeye na mkewe na watoto wakubwa. Usiponisikia, siku zahanati ikipauliwa atatokea mjukuu kutoka mjini na wakili.

Kutoka hapo karatasi inaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata. Kata yenye vijiji vinne, kila kijiji vipaumbele vitatu, ni vipaumbele kumi na viwili, na vinatakiwa vitoke vitatu. Uchumi wa vyuo vikuu haujapata kanuni ya jambo hili. Diwani anatoka kijiji gani? Basi.

Halmashauri ya wilaya inapokea. Afisa mipango anakusanya, Timu ya Menejimenti inachambua, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inajadili, Baraza la Madiwani linapitisha, Kamati ya Ushauri ya Wilaya inashauri, ya Mkoa inashauri tena, TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inapokea, Hazina inakodoa. Na kote huko mmoja anasubiriwa hajafika, naye anaitwa ukomo.

Ukomo wa bajeti ni kiasi ambacho Hazina inakwambia usikivuke. Kimegawanywa mafungu: mishahara, matumizi mengineyo, na maendeleo. (Nani aliita kitu matumizi mengineyo akiwa na akili timamu? Mke wangu akiniuliza fedha imekwenda wapi nikamjibu mengineyo, nitalala sebuleni.) Basi kijiji kinaota Septemba. Bunge linakaa kama Kamati ya Mipango Novemba kujadili mapendekezo ya mpango wa mwaka ujao, na ni karibu wakati huo huo mwongozo wa mpango na bajeti unatoka, ukifuatwa na ukomo. Yaani watu wa vitongoji 64,000 wameshaagiza chakula, ndipo mhudumu anakuja kusema wana shilingi ngapi. Ndoto zinapanda ngazi, ukomo unashuka ngazi ile ile, wanakutana katikati, na ngazi ni nyembamba. Nani anarudi nyuma? Ukomo haujawahi kurudi nyuma.

Hapo maskini afisa mipango ndiye anayekata. Msimlaani. Amefungua PlanRep, mfumo ambao halmashauri zote 184 zinaingizia mipango, na wiki ya mwisho wote wamo humo kwa pamoja, mduara unazunguka kwenye skrini kama feni ya saluni. Kila shughuli lazima ibebe lengo, shabaha na kasma, yaani kifungu cha bajeti, kiasi mara bei mara idadi, na lengo lishikane na Mpango wa Taifa. Kwa hiyo tundu la choo cha shule haliwezi kuingia kama tundu. Kaulimbiu ya Mpango wa Tatu ilikuwa kujenga uchumi shindani na viwanda kwa maendeleo ya watu, basi tundu linaingia likiwa limevaa tai, linachangia uchumi shindani. Na hesabu yake haina siasa: wasichana 20 kwa tundu, wavulana 25 kwa tundu. Shule ya watoto 600, nusu kwa nusu, ni matundu 15 na 12, jumla 27. Ukomo unasema manne. Sasa kakate wewe.

Juni bajeti inasomwa. Wabunge wataikosoa siku kadhaa, kisha wataipitisha, maana Katiba iko wazi: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Kukataa bajeti ni kurudi jimboni kupiga magoti kabla ya siku zako. Julai mosi mwaka mpya wa fedha unaanza, pesa haziji Julai mosi. Zinakuja kwa mafungu kadiri makusanyo yanavyoruhusu, mara nyingi nene inatua Machi, masika yamefunguka, lori la saruji limezama hadi mgongoni, na bei mliyoandika Januari ya mwaka jana inachekwa dukani. Halafu Juni 30 inakaribia, fedha isiyotumika inatakiwa irudi Mfuko Mkuu. Ndipo unaona wilaya nzima imeamka, rangi inapakwa usiku.

Rudi sasa kwenye lile boma la zahanati. Mwaka wa kwanza kwenye mpango liliandikwa "ujenzi". Wananchi wakabeba mawe, wakafika lenta, wakaambiwa serikali itapaua. Mwaka uliofuata likaandikwa "ukamilishaji", ukomo ukalikwepa. Mwaka wa tatu mhandisi akaja na ramani ya wizara, akapima, akakuta vyumba vimepungua upana, likaandikwa "ukamilishaji" tena, na marekebisho. Mvua mbili zimepita juu ya tofali zisizo na paa. Ukuta wa nyuma umelala, mpapai umeota chumba cha sindano, mbuzi wanaingia kwa zamu kuliko wagonjwa watakavyokuja kuingia. Na kwenye mpango wa mwaka ujao, nimeusoma ukurasa kwa ukurasa, halimo tena kwenye ujenzi wala ukamilishaji. Limehamia kwenye "ukarabati".