Jezi za CCCP: nani aliziokoa, nani anaziharibu?

Septemba 28, 1972, jijini Moscow, sekunde 34 kabla ya mechi kwisha, Paul Henderson wa Kanada alimfunga kipa Vladislav Tretiak na kuwapa Wakanada ushindi wa mfululizo wa mechi nane za hoki ya barafuni dhidi ya Umoja wa Kisovieti, waliovaa jezi zenye herufi CCCP kifuani. Mwaka 2010 jezi aliyoivaa iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.2 za Marekani. Kwa kawaida nguo ikishavaliwa bei hushuka, hata kama haina doa. Kwenye soko la jezi zilizovaliwa mchezoni, jasho ndilo linalolipiwa. Jezi ya Mike Eruzione, nahodha wa Marekani aliyefunga bao la ushindi Wasovieti walipolala 4-3 kwenye Olimpiki ya Lake Placid, Marekani, mwaka 1980, nayo ilivuka dola 650,000 mwaka 2013.

Zote mbili ni za watu waliowafunga Wasovieti. Jezi za Wasovieti wenyewe, waliobeba dhahabu saba za Olimpiki kuanzia 1956 hadi 1988, zinauzwa kwenye soko lenye ukungu mwingi zaidi. Kwa jina hawakuwa wachezaji wa kulipwa. Wale wa CSKA, klabu ya jeshi ya Moscow, walihesabiwa kuwa wanajeshi, na vifaa vilikuwa mali ya klabu. Jezi ikichanika ilitiwa uzi ikarudi uwanjani, ikichakaa zaidi ikashuka kwa vijana. Nani angetunza kumbukumbu kwamba hii ilivaliwa na fulani siku fulani? Kisha Umoja wa Kisovieti ukavunjika mwaka 1991, klabu zikaishiwa, na vitu vya stoo vikatokea milango mingi bila risiti.

Ndiyo maana siwezi kuwabeza wakusanyaji wa jezi hizi. Nyingi ya jezi hizo zingeishia kuwa matambara ya kufutia sakafu kama asingetokea mtu wa kuzitaka. Ni wao waliokaa kulinganisha mishono, ukubwa wa namba na aina ya kitambaa, kazi ambayo klabu zenyewe hazikuona haja ya kuifanya.

Lakini bei hiyohiyo inayookoa ndiyo inayozaa feki. Alama nyeusi za kile kisahani cha mpira kinachochezewa, mikwaruzo ya magongo, rangi iliyobambuka kutoka kwenye kuta za uwanja: zote mtu anaweza kuzitengeneza nyumbani kwa wikendi moja. Ushahidi wenye nguvu ni picha ya mchezoni inayoonyesha kiraka kilekile, au namba iliyoshonwa upande kwa upotovu uleule. Mechi za 1972 zilipigwa picha kila pembe. Mechi ya ligi ya katikati ya wiki kati ya Khimik ya Voskresensk na Traktor ya Chelyabinsk haikupata bahati hiyo. Basi uhakika unawafuata waliokwisha kuwa mashuhuri, na fedha zinafuata uhakika. Lakini jina kubwa ndilo linalovutia waghushi pia: jezi yenye namba 17 ya Valeri Kharlamov, nyota wa Kisovieti aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1981, ningeitilia shaka hata kabla ya kuigusa.

Wapo wanaosema mahali pa jezi hizi ni makumbusho tu. Sawa, lakini makumbusho ya nani? Helmuts Balderis alikuwa nyota wa Dinamo Riga, Mlatvia. Kocha Viktor Tikhonov alipohamia CSKA mwaka 1977, Balderis naye akaenda Moscow, kisha mwaka 1980 akarudi Riga. Kifuani, timu ya taifa ya Kisovieti ilivaa CCCP, herufi za Kirusi za jina la nchi iliyoimeza Latvia mwaka 1940. Mnunuzi wa Toronto akiziona herufi zile anakumbuka hoki tamu. Kwa mzee wa Riga zina kumbukumbu nyingine kabisa. Kusema jezi kama hiyo irudi Urusi kwa sababu tu ilikuwa ya Kisovieti ni uvivu wa kufikiri, na Sokol, klabu ya Kyiv nchini Ukraine, inaleta swali lilelile.

Mimi niko upande wa wakusanyaji, kwa masharti. Wasifue wala wasirekebishe, maana kiraka cha mtunza vifaa wa 1978 ndicho ushahidi wenyewe. Na waonyeshe picha na historia ya umiliki hadharani, hata pale zinapowashushia bei. Anayeificha jezi kabatini huku akiuza hadithi yake hajaokoa chochote. Hali imezidi kuwa ngumu tangu Machi 2022, Visa na Mastercard ziliposimamisha shughuli zao Urusi: mzigo ukipitia nchi ya tatu, anaongezeka mtu mwingine kati ya stoo na mnunuzi, na kila anayeongezeka huja na maelezo yake.

Kwa fedha zangu ningeiacha namba 17 isiyo na picha, nikatafuta jezi ya beki asiyejulikana wa Sokol iliyoshonwa mara nne, mradi muuzaji aweze kunieleza imepita mikononi mwa nani.