Obscura ya Gorguts: kelele zenye mpango, au kelele tu?

Mara ya kwanza nilipoisikiliza Obscura nilizivua spika za masikioni nikakagua waya, nikidhani umekatika. Wimbo wa kwanza, ambao ndio umebeba jina la albamu, unaanza na gitaa linalolia kama mlango wa bati unaoburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Dramu zinajikwaa nyuma yake, kisha Luc Lemay, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, anaingia kwa sauti ya mtu aliyekabwa koo. Nilizima. Nikairudia baada ya wiki kadhaa, kwa ubishi zaidi kuliko hamu.

Gorguts ni bendi ya Quebec, Kanada, iliyoundwa 1989. Albamu zao mbili za mwanzo zilikuwa deth metali safi, yaani roki nzito kupindukia yenye sauti za kunguruma, ya kasi, isiyotofautiana sana na ya wenzao wa zama hizo. Baada ya ile ya pili, iliyotoka 1993, kampuni ya kurekodi ya Roadrunner ikaachana nao. Wakaendelea kutunga bila mkataba, na 1998 ikatoka Obscura: nyimbo 12, karibu saa nzima.

Wanaoikataa wana hoja, na si hoja ya watu wasiojua muziki. Chukua noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, uipige pamoja na jirani yake wa juu mwenye kama 466. Sauti hizo mbili zinagongana mara 26 hivi kila sekunde, na sikio linasikia mkwaruzo. Watunzi wengi huutumia mkwaruzo huo kama chachandu: kidogo tu, halafu wanautuliza kwa noti inayokaa vizuri. Gorguts wanauandaa kama chakula chenyewe. Mtu akisema amechoka dakika ya ishirini, amechoka kwa haki.

Halafu kuna tabia ya mashabiki, ambayo inanikera kuliko albamu yenyewe. Ukisema hujaipenda, unaambiwa hujakomaa. Kwa kauli hiyo kazi yoyote ngumu inakingwa isikosolewe, na baada ya Obscura zimejitokeza bendi tele zinazojificha humohumo: zinagonganisha noti ovyo, zikiulizwa zinajibu kwamba msikilizaji ndiye hajafika.

Sasa kwa nini niliirudia mara ya tatu? Kwa sababu ya kitu kidogo. Kuna mahali gitaa la Lemay na la Steeve Hurdle yanaachana, moja linashikilia noti na jingine linateleza kando yake, na dramu za Patrick Robert zinasita kana kwamba mpigaji amepotea hesabu. Nikasema, hapa wamekosea. Kipande kikazunguka, na "kosa" likarudi palepale. Likarudi tena, wote wanne kwa pamoja, besi ya Steve Cloutier ikiwa katikati. Kosa linalorudi kwa mpangilio namna hiyo limeandikwa, na watu wamekaa chumbani wakalifanyia mazoezi mpaka likawaingia mikononi.

Lemay mwenyewe amewahi kueleza kwamba walipokuwa wakitunga walijiwekea miiko. Waliupiga marufuku ule mtindo wa kuchapa waya moja harakaharaka, na mdundo wa mbio ambao kila bendi ya deth metali iliuegemea. Ni kama kumwambia mpishi wa pilau asitumie binzari wala kitunguu. Ilibidi kila kipande kitafute njia nyingine ya kutisha, na hapo ndipo ugumu wa albamu hii unapotofautiana na wa waigaji wake. Wao wamerithi matokeo bila kupitia miiko.

Sisi tuliokua karibu na zumari tuna faida kidogo hapa. Mgeni akisimama karibu na mpiga zumari harusini hufunika masikio, wakati wenyeji wanajua sauti inaelekea wapi. Ila nisiuvute mfano huu mbali: zumari ina bibi harusi na miguu inayocheza. Kwa Obscura hachezi mtu.

Kasoro ninayoiona mimi ni urefu. Ningekata dakika kumi na tano bila kusita, hasa katika nusu ya pili, ambako mshtuko umeshazoeleka na nyimbo mbili tatu zinasema jambo lilelile. Wala sauti za kupayuka hazibadiliki vya kutosha kubeba saa nzima.

Lakini isikilizwe, ila usianze na wimbo wa kwanza. Anza na Clouded, dakika tisa na ushei za mwendo wa kujikokota, ambapo kila mgongano una nafasi ya kusikika ukifika na ukiondoka. Kisha Earthly Love, ambamo Lemay anapiga viola, ndugu mnene wa ile fidla tunayoijua kwenye taarab. Ikilia humo huwezi kusema ni nzuri wala mbaya, unaacha tu ulichokuwa unafanya. Na usitumie spika ya simu, maana inaila besi yote na kukuachia mikwaruzo mitupu. Kama umefika dakika ya tano ya Clouded na kidole bado kiko kwenye kitufe cha kuzima, zima. Mimi nilizima mara mbili.