Msiidharau IST

Kuna watu Dar es Salaam wakitaka kumshusha mwenzao wanamwambia, "Na wewe una IST." Wanasema mji mzima ni gari moja tu: toka Mwenge mpaka Posta unapishana na Toyota ndogo, IST, Vitz, Raum, Spacio, halafu IST tena. Wanasema hatuna ladha, tunaogopa kujaribu, tunafuata mkumbo. Mimi naendesha IST, namba D, na nasema wazi kwamba wanaoidharau hawajajua wanachokidharau.

Kwanza, si kweli kwamba tunaipenda Toyota kwa sababu ni rahisi. Zunguka yadi za Kinondoni au zile za kando ya Barabara ya Bagamoyo, utakuta magari ya kampuni nyingine, ya ukubwa uleule na mwaka uleule, kwa bei ya chini zaidi. Watu wanayazunguka, wanafungua mlango, wanakaa kwenye usukani, wanasifia ndani kulivyo kuzuri. Halafu linakuja swali: "Spea zake zinapatikana?" Muuzaji akisitasita kidogo tu, mteja anarudi kwenye Toyota na kuongeza pesa. Huyo mteja ana akili. Ananunua gari pamoja na mtaa mzima wa watu wanaolijua.

Juzi nilikwenda Shauri Moyo, Ilala, kutafuta plagi na mkanda wa nje wa injini kwa ajili ya sevisi. Muuzaji, kijana ambaye oili imeshamwingia mpaka kwenye kucha, hakuniuliza gari gani. Aliuliza, "Injini gani, bosi?" Nikamwambia 1NZ. Akanyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, akavuta boksi, akapanga plagi nne juu ya kaunta. Kando yangu alikuwepo mama mmoja mwenye Raum, fundi aliyetumwa na mwenye Probox ya kusambazia mikate, na kijana wa Bolt mwenye Sienta. Magari manne yasiyofanana kwa sura, na sote tulitolewa plagi kwenye boksi lilelile.

Ukitaka kujua kwa nini IST imetawala mji huu, jibu liko hapo. Toyota walipotoa Vitz mwaka 1999, hawakutengeneza gari moja. Walitengeneza mifupa ambayo juu yake wakavalisha nguo nyingi: Platz, Funcargo, Probox, Porte, Raum, na IST yenyewe iliyotoka mwaka 2002. Chini ya boneti nyingi kati ya hizo utakuta injini za familia moja, 2NZ ya cc 1298 au 1NZ-FE ya cc 1496, ambayo mtaani tunaiita 1490. Injini hizo zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpango mmoja. Aliyewahi kumiliki gari la zamani lenye mkanda anajua maana yake: mkanda una umri wake, ukipitisha unakatika, na kwa injini nyingine ukikatika valvu zinagonga pistoni na shughuli imeishia hapo. Cheni ukiipa oili safi kwa wakati inaishi muda mrefu sana. Na kwa kuwa injini ni zilezile kila kona, fundi wa Tandale, ambaye hajawahi kukanyaga darasa la umakanika, anaweza kuifungua 1NZ jioni umeme umekatika, kwa tochi ya simu, na isibaki nati hata moja juu ya kitambaa akimaliza. Ameshaifungua mara nyingi mno. Mikono yake inajua njia.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wanaoendesha magari haya hawalijui, nami naona ni haki walijue. Toyota haikuanzia kwenye magari. Ilianzia kwenye mitambo ya kufuma nguo. Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867, akatumia maisha yake akiboresha mashine za kufuma, na mwaka 1924 akakamilisha mtambo ulioitwa Type G. Mtambo huo ulikuwa na tabia moja ya ajabu kwa wakati wake: uzi ukikatika, unasimama wenyewe. Hauendelei kufuma kitambaa kibovu. Kwa hiyo mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mitambo mingi, kwa sababu penye kasoro mtambo wenyewe ulimwita. Mwaka 1929 kampuni ya Kiingereza ya Platt Brothers ilinunua haki za kuutengeneza kwa pauni 100,000. Mtoto wa Sakichi, Kiichiro, ndiye aliyeiona barabara. Mwaka 1933 alianzisha idara ya magari ndani ya kiwanda cha mitambo ya kufuma, lori la G1 likatoka mwaka 1935, gari dogo la AA mwaka 1936, na mwaka 1937 kampuni ya magari ikasimama peke yake.

Haikuwa safari ya mteremko. Mwaka 1950 kampuni ilikuwa hoi kwa madeni, wafanyakazi waligoma walipoambiwa wenzao watapunguzwa, na Kiichiro akajiuzulu. Vita vya Korea vikaanza mwezi huohuo wa Juni, jeshi la Marekani likaagiza malori, na kampuni ikapumua. Kiichiro alifariki mwaka 1952, hajafikisha hata miaka sitini, na hakuiona Corolla ya mwaka 1966 wala Hilux ya mwaka 1968. Nikilifikiria hilo huwa naumia kidogo.

Ile tabia ya mtambo kusimama uzi unapokatika haikufa naye. Taiichi Ohno, mhandisi aliyeanzia kwenye upande wa nguo kabla ya kuhamia magari, aliipeleka kiwandani. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anavuta kamba, taa inawaka, na tatizo lisipotatuliwa mara moja mstari mzima wa kuunda magari unasimama. Halafu haulizwi nani kakosea. Linaulizwa swali la "kwa nini," mara tano, mpaka mzizi uonekane. Hospitali zetu nazo zimefundishwa namna hii ya kazi, kaizen (kuboresha kazi kidogo kidogo bila kuacha) na 5S (hatua tano za kupanga mahali pa kazi), kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na JICA, shirika la misaada la Japani. Ukiona makabati ya dawa yamebandikwa lebo na kila kitu kina mahali pake, sehemu ya elimu hiyo ilipita viwandani Japani kabla ya kufika wodini.

Nami nadhani gereji zetu ndizo zinazoihitaji elimu hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Gari limechemsha kwenye foleni ya Ubungo. Kwa nini? Maji yameisha kwenye rejeta. Kwa nini yameisha? Yanavuja kwenye paipu ya juu. Kwa nini paipu imepasuka? Presha ilizidi. Kwa nini ilizidi? Kifuniko cha rejeta hakikuiachia. Kwa nini? Kwa sababu kilichofungwa pale ni kopi, kilinunuliwa kwa kuwa ni bei chee. Fundi anayeishia kwenye "kwa nini" ya kwanza atakumiminia maji ya bomba, atapokea pesa yake, na wiki ijayo utachemsha tena. Injini ya 1NZ bloku yake ni alumini, hedi yake ni alumini. Haipendi maji ya bomba, inataka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na ikichemshwa mara mbili tatu hedi inapinda, gasketi inaungua. Kisha utamsikia mtu kijiweni akisema IST siku hizi hazidumu. Gari lilimpigia kelele kwa taa ya joto kwenye dashibodi, yeye akasema ngoja nifike Kimara kwanza.

Sisemi Toyota ni malaika. Waliowahi kumiliki Noah au RAV4 zenye injini ya D-4, zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, wanajua nozeli na pampu zake zinavyosumbua, na mafundi wengi wa hapa wakiliona neno hilo kwenye kava la injini wanapandisha bei kabla hujashuka. Na mwaka 2010 Akio Toyoda, bosi wa kampuni wakati huo, kitukuu cha Sakichi na mjukuu wa Kiichiro, alisimama mbele ya Bunge la Marekani kujibu kuhusu mamilioni ya magari yaliyorudishwa kwa kasoro. Alikiri kwamba kampuni ilikua haraka kupita kiasi. Kwa maneno mengine, uzi ulikatika na mtambo haukusimama. Namheshimu kwa kwenda kulisema mwenyewe.

Nikizungumzia mapenzi siwezi kuruka Hiace na Land Cruiser, ingawa kila moja inastahili makala yake. Hiace, iliyoanza mwaka 1967, ndiyo kipanya kilichotubeba wengi wetu shuleni tukiwa tumeinama shingo, kondakta amening'inia mlangoni. Siku hizi vimesogezwa pembezoni mwa jiji, lakini huko bado vinapiga mzigo. Land Cruiser nayo, mwaka 1951 kabla hata haijapewa jina hilo, dereva wa majaribio Ichiro Taira aliipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Leo mkonga, yaani ile ya toleo la 70 lililoanza mwaka 1984, ndiyo inayofika kijijini na chanjo masika yanapokata barabara. Wakubwa wana mashangingi yao ya V8, lakini nesi wa kituo cha afya atakwambia habari za mkonga.

Jambo jingine ninalolipenda, dogo lakini la moyoni: magari haya yanakuja yakiwa bado na maisha yao ya kwanza. Japani nako wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, kwa hiyo hayageuzwi chochote. Kule gari likishafikisha miaka mitatu linaanza kukaguliwa, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama, basi wengi wanaona bora waliuze lingali zima. Linafika bandarini kwetu na stika za gereji ya huko kwenye kioo. Ukiwasha, sauti ya mwanamke inakukaribisha kwa Kijapani. Redio inakamata kuanzia 76 mpaka 90 tu, kwa sababu masafa ya FM ya kwao yalipangwa hivyo, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Unanunua kile kidude cha kushusha masafa ya stesheni zetu yaingie kwenye redio hiyo, unakifunga nyuma ya redio, na hapo ndipo taarifa ya habari ya saa mbili inaingia. Jirani yangu amekataa kubadilisha hata ile sauti. Anasema watoto wake wamejifunza kuijibu.

Ninachokiwaza sasa ni kinachokuja. Ushuru wa magari makuukuu unapanda kadiri gari linavyozeeka, na IST za miaka ya 2000 zinazidi kuwa za mkononi, zinapita kutoka kwa dereva wa mtandao kwenda kwa mwalimu kwenda kwa kijana anayejifunza. Nyingi zinazoshuka melini sasa zina giaboksi za CVT, zile zisizo na gia za hatua, ambazo hazikubali oili ya giaboksi ya zamani, na nyingine ni haibridi, zinazotumia petroli na umeme, kama Aqua ya toleo la kwanza. Mafundi wengi wazuri ninaowafahamu wanaziogopa, na wana sababu: betri kubwa ya Aqua hiyo ni ya volti 144, si kitu cha kugusa kwa kubahatisha. Lakini injini ya petroli iliyomo ndani yake inaitwa 1NZ-FXE. Ni ndugu wa damu wa hii ya IST ambayo Tandale nzima inaijua kwa kichwa, ila mpangilio wake umerekebishwa ili ibane mafuta zaidi. Nusu ya gari hilo tayari fundi wetu analijua. Ningependa vijana wanaotoka VETA Chang'ombe watoke wakiwa na glovu za umeme mkononi na hiyo nusu ya pili kichwani, na wawakute wazee wa gereji wako tayari kuwapisha kwenye boneti.