Mwanasheria Asiyejua Hesabu Hawezi Kumlinda Mkulima wa Parachichi

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sheria mkataba wa parachichi za Rungwe au Njombe. Atakuambia ofa ipo, imekubaliwa, malipo ni halali, kwa hiyo masharti ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yametimia. Sasa muulize mkulima atabaki na shilingi ngapi mkononi. Wengi hukwama hapo, na kosa si lao. Hawakufundishwa.

Tupige hesabu yenyewe. Tuseme ni tani 10, kilo moja shilingi 1,500. Kwenye karatasi ni milioni 15. Mnunuzi akikataa asilimia 20 wakati wa kuchambua, zinabaki kilo 8,000, yaani milioni 12. Kuchuma na kubeba ni shilingi 150 kwa kila kilo iliyotoka mtini, hata ile iliyokataliwa: toa milioni 1.5. Malipo yanakuja baada ya miezi miwili, na mkulima alishakopa milioni 3 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Toa 300,000 nyingine. Imebaki milioni 10.2, na bado mbolea na dawa hatujazigusa.

Kila pengo katika hesabu hiyo ni kifungu ambacho mwanasheria hakukiandika. Nani anachambua, na mkulima awepo? Uzito ni wa mizani ya shambani au ya kiwandani, maana tunda hupungua uzito njiani? Yaliyokataliwa yanarudi kwa nani, na kwa nauli ya nani? Siku za malipo zinaanza kuhesabiwa mzigo unapopakiwa au ankara inapopokelewa? Asiyejua hesabu hunakili mkataba wa msimu uliopita na kubadilisha majina tu.

Kwa maoni yangu, somo la biashara liwe la lazima kwa kila mwanafunzi wa sheria, kabla hajaenda Shule ya Sheria Dar es Salaam. Chuo Kikuu Mzumbe, Kampasi ya Mbeya, na Chuo Kikuu cha Iringa wanafundisha sheria na biashara pia. Wakalisheni wanafunzi hao meza moja. Na msianze na mizania, ile orodha ya mali na madeni. Anzeni na mtiririko wa fedha, kwa sababu biashara inaweza kuonyesha faida huku ikikosa hela ya mishahara. Wapeni daftari la mauzo la kiwanda cha mbao cha Mafinga, ankara zake na taarifa ya benki, majina yakiwa yamefutwa, wapange fedha zilizoingia na kutoka kwa miezi mitatu. Deni lisilolipwa litajitokeza lenyewe.

Halafu kuna ofisi ya mwanasheria mwenyewe. Mteja akileta milioni 5 za kuhamisha hati ya kiwanja cha Uyole, na milioni 3.8 kati ya hizo ni kodi na ada, hiyo si hela ya wakili. Ikae akaunti ya wateja, isiguswe kwa kodi ya pango. Ujira ni ile 1,200,000. Usajili wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa wakili hausubiri mauzo yafike milioni 200 kwa mwaka kama kwa biashara nyingine, kwa hiyo asipoandika mapema kwamba VAT ya asilimia 18, yaani 216,000, inaongezwa juu, itakatwa ndani ya ujira wake. Mteja akiwa kampuni, atazuia asilimia 5 ya ujira, shilingi 60,000, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA) kama kodi ya zuio. Wakili adai cheti cha zuio siku hiyo hiyo, la sivyo atakosa cha kuonyesha TRA wakati wa ritani, yaani taarifa yake ya kodi ya mwaka, na atailipa tena.