Likizo ya bahari kwa mtu wa Dodoma: Unguja au Pangani?

Kila mwaka Bunge la bajeti likikaribia kuisha hapa Dodoma mjadala wa ofisini ni ule ule, likizo tunaenda wapi, na wengi wanajibu Unguja hata kabla hujamaliza kuuliza. Safari hii kilichotuchochea ni picha. Kuna jamaa tulisoma nae yuko Australia, jimbo la Queensland, katuma picha za mji unaitwa Bundaberg. Mji wa mashamba ya miwa, umetulia, na ukitoka hapo kwa boti au kandege kadogo unafika visiwa vya matumbawe, Lady Musgrave na Lady Elliot, kule mwisho wa kusini wa Great Barrier Reef, ule mwamba wa kilomita kama 2,300. Kuanzia Novemba mpaka Machi watu wanakata tiketi kwenda usiku ufukwe wa Mon Repos kuona kasa wanavyotaga na vitoto vinavyokimbilia majini.

Nikaziangalia zile picha nikawaambia wenzangu, jamani hii si Pangani tu hii?

Walicheka, ila nikiwaza sioni kama nilikosea sana. Pangani ina mto unaomwaga baharini, ina minazi na mkonge, kasa wapo, matumbawe yapo. Hata miwa ilikuwepo, karne ya 19 kando ya ule mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na Bundaberg nako miwa ile ililimwa na watu waliotolewa visiwa vya Pasifiki, wengine kwa hila na wengine kwa nguvu, kwahiyo hata upande mchungu wa stori tunafanana. Tofauti ni kwamba wao ule mji mdogo wameuuza kama likizo, sisi Pangani mtu anaisikia akiwa darasa la sita kwenye habari za Abushiri kunyongwa 1889, baada ya hapo basi.

Tuanze na Unguja maana sitaki kuionea. Tangu SGR, ile treni mpya ya umeme, ianze kufika Dodoma, Julai 2024, hesabu imebadilika kabisa. Treni ya kawaida ilianza na nauli ya 31,000, unapanda asubuhi, mchana upo Dar, unawahi boti na jioni upo Forodhani unakula urojo. Zamani hiyo safari ilikuwa inakula siku nzima ya basi unashuka miguu imevimba. Ukifika kule kila kitu kimeshapangwa, huulizi mtu, ukitaka Mji Mkongwe haya, ukitaka kuogelea Nungwi haya, Nungwi ina uzuri wake kwamba maji hayakimbii mbali kama Paje au Jambiani. Kwa mtu mwenye siku nne na watoto wawili, hiyo ya kutouliza mtu ni kitu kikubwa. Ubaya wake ni bei, na msongamano, maana pale kwenye matumbawe ya Mnemba kuna asubuhi boti zimejipanga kama daladala kituoni na samaki wanaona miguu ya watu kuliko watu wanavyoona samaki.

Pangani sasa. Kwanza kufika ni shughuli, treni haikusaidii sana, unapita Morogoro, Chalinze, Segera, ni zaidi ya kilomita 500 mpaka Tanga mjini, kisha unaitafuta Pangani kilomita kama 50 nyingine. Ukifika, hoteli za kifahari ni chache na ziko mbali na mji, upande wa Ushongo huko, mjini ni gesti. Ila ukikaa siku mbili unajikuta umepunguza mwendo, unakula pweza na muhogo wa nazi, unaangalia watu na baiskeli na mbuzi wanavuka mto, hakuna anayekukimbilia na shanga. Mimi hiyo naipenda, mke wangu alisema siku ya kwanza ni nzuri ila ya pili alikuwa ameshamaliza mji.

Kilichotuleta hasa ni Maziwe. Hiki ni kisiwa cha mchanga na matumbawe, ni hifadhi, na zamani kilikuwa na mivinje na kasa walikuwa wanataga kwa wingi, halafu miti ikaisha na bahari ikala kisiwa, siku hizi kinaonekana maji yakipwa na yakijaa kinafunikwa. Kasa bado wanakuja kutaga palepale, ndiyo maana mayai yanahamishiwa Ushongo yasife maji. Basi sisi tukaamka, tukanywa chai taratibu kama watu wa likizo, saa nne tupo ufukweni na mataulo na kofia. Nahodha mzee akatuangalia, akaangalia maji, akauliza mmepanga na nani? Tukasema na wewe, jana kwenye simu. Akasema mimi nilisema saa kumi na mbili asubuhi na hata hivyo leo kisiwa hakitoki vizuri, maji mafu haya, hayapwi sana, mngekuja mwezi mchanga au mwezi mpevu.

Mwanangu akauliza, baba kisiwa kimeenda wapi?

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kwenye mjadala wa ofisini hatukigusi kabisa. Sisi wa Dodoma likizo tunaipanga kwa kalenda ya Bunge na ya shule, na bahari ina kalenda yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani ile maji yanapwa sana kwenye saa nne saa tano asubuhi, yaani muda mzuri kabisa wa mtu aliyelala vizuri. Wiki moja baadae mambo yanageuka, saa nne hiyohiyo maji yamejaa. Halafu kuna upepo. Bunge linaisha mwisho wa Juni, shule zimefungwa, watu wanaomba likizo Julai, na Julai ndiyo kusi limeshika, mashua inaruka, maji yana vumbi huoni tumbawe wala nini, umelipa hela kutapika. Desemba bahari ina unafuu kwa kaskazi ila Desemba mvua zinaanza huku kwetu na nusu ya watu wanawaza shamba. Kinachouma ni kwamba Queensland hiyo Julai hawalii, ni majira yao makavu na nyangumi wanapita Hervey Bay, wanauza tiketi za nyangumi. Na nyangumi wa aina ileile wanapita pwani yetu pia miezi hiyohiyo.

Unguja nayo inapigwa na kusi, tena sana upande wa mashariki, ila bahari ikichafuka una Mji Mkongwe, una mashamba ya viungo, unahamia pwani nyingine. Pangani bahari ikigoma umebaki na pweza na mto. Na gharama ya mashua ni ya mashua, muwe watatu muwe kumi, kwahiyo familia ndogo inaumia mpaka ipate wenzao wa kuchangia, na miezi mingine hao wenzao hawapo.

Kuna anaesema mbona matumbawe yetu yameisha, twende kuangalia nini. Ni kweli baruti za wavuvi ziliharibu sana pwani ya Tanga, na joto la bahari la 1998 lilipausha mengi. Ila hata huko kwa akina Bundaberg mwamba wao umepauka 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024, na watu hawajaacha kwenda. Tulichoona sisi kesho yake, tulipoamka saa kumi na moja na kuwahi mashua, kilitosha, na kijana wangu hadi leo anasimulia samaki wa rangi ya njano kama vile kamfuga.

Kwahiyo mtu akiniuliza, kwanza namuuliza likizo yako lini. Akisema Julai, siku nne, na watoto, namwambia panda treni nenda Unguja usijisumbue. Akisema Oktoba au mwanzo wa Novemba, wiki nzima, namwambia Pangani, ila aangalie mwezi kabla hajalipia gesti. Yule nahodha nilimwachia namba, juzi kanitumia meseji, bamvua inaanza Jumatano mnakuja? Jumatano nina kikao.