Thamostati Yangu Irudi Mahali Pake

Jumamosi iliyopita nilikwenda gereji kudai thamostati ya gari langu, kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoozea injini. Fundi hakubisha. Aliinama chini ya meza, akatoa kopo la rangi la lita nne, akalimwaga juu ya gunia: thamostati zisizopungua ishirini, nyingine zimeota kutu, nyingine bado zinang'aa, na zote zimeng'olewa kwenye magari ya watu wa Mtwara hii hii. "Njomba, chagua unayoitaka," aliniambia, kwa ukarimu wa mtu anayegawa maembe ya shambani kwake. Ninaandika nikiwa bado na hasira za kopo lile.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1994, injini ya 3S-GE ya lita mbili, gari ambalo majirani zangu wa Shangani huliita ujana uliochelewa, nami sijapata hoja ya kuwapinga. Mwezi Novemba, joto la huku lilipoanza kukaza, lilichemsha nikiwa katikati ya foleni ya malori ya korosho. Fundi alikuja, akautazama mvuke, akaing'oa thamostati na kunieleza kwamba nchi ya joto haina haja nayo, kwa kuwa hicho ni kifaa cha watu wa baridi. Siku iliyofuata nilikwenda Lindi, zaidi ya kilomita mia moja, na mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Nikamsifu fundi mbele za watu, jambo ambalo leo linanisuta. Wakati wa kurudi nilisimama njia panda ya Mnazi Mmoja, ile ya mkoani Lindi, kumsubiri shemeji yangu, injini ikiunguruma, na kabla hajamaliza kununua mihogo yake mshale ulikuwa umefika kwenye nyekundu.

Hapo gari lilikuwa limejieleza lenyewe, lau tungekuwa na masikio. Gari linalochemsha likisimama na kupoa likitembea limekosa upepo, kwa sababu barabarani upepo hupita wenyewe kwenye rejeta, kile kifaa cha mbele kinachopooza maji ya injini, lakini likisimama hakuna wa kuuvuta isipokuwa feni. Lile linalochemsha likiwa kwenye mwendo mkali au likipanda uwanda wa Makonde kuelekea Newala ndilo la kulishuku kwa rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka. Swali moja tu, "linachemsha wakati gani?", lingetosha kuanzia, na hakuna aliyeniuliza.

Thamostati haipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya wala ya Japani. Kazi yake ni kuiwahisha injini kufikia joto lake la kazi na kuizuia isishuke chini ya hapo, na ile ya gari langu huanza kufunguka maji yafikapo nyuzi 82 hivi. Mtwara yetu, hata Januari mchana, haijafika nusu ya joto hilo. Ukiiondoa, injini hukaa katika ubaridi kwa muda mrefu, kihisio cha joto kinaiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa, nayo inaendelea kumwaga petroli kana kwamba ni alfajiri. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, na mwenye gari hubaki akilalamika kwamba siku hizi vituo vinapunja. La kuudhi zaidi ni kwamba thamostati za injini nyingi za Toyota zina sahani mbili: ya juu inapofungua njia ya kwenda rejeta, ya chini huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoozwa. Iondoe, na njia ile ya mkato hubaki wazi daima, kiasi kwamba sehemu ya maji haiendi rejeta kabisa. Yaani dawa ya kuchemsha inaweza kulisaidia gari lichemshe vizuri zaidi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa itachemsha gari, na kwamba aliyekwama usiku baina ya Ndanda na Masasi ana haki ya kuing'oa ili afike nyumbani. Lakini kuijua iliyokwama hakuhitaji ramli. Nilizichukua tatu zilizofanana na yangu kutoka katika kopo lile, nikazifunga uzi, nikazining'iniza ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, huku mke wangu akiuliza iwapo supu hiyo inahitaji ndimu. Zote tatu zilifunguka taratibu baada tu ya nyuzi 80, zikajifunga maji yalipopoa. Zilikuwa nzima, na pengine zilikuwa nzima tangu siku zilipong'olewa.

Ugonjwa wa gari langu ulikuwa feni. Brashi za mota yake zilikuwa zimelika, ikizunguka kwa uvivu wa mtu aliyetoka kula ugali wa mchana, na kava la plastiki linaloizunguka lilikuwa limekwisha kutupwa na mmiliki aliyetangulia, hivyo hata upepo mdogo uliovutwa ulipita pembeni badala ya kupita kwenye rejeta nzima. Mota nilibadilisha, na kava nikalipata kwenye gari bovu.

Mfuniko wa rejeta nao ubadilishwe mpira wake ukikakamaa, kwa kuwa ule wenye alama ya 0.9, yaani kipimo cha shinikizo unalolizuia, huyafanya maji yasichemke hadi nyuzi 118 hivi badala ya 100. Maji ya kisima chenye chumvi yasiingie kabisa. Ni kulanti, yaani dawa ya kupoozea injini, na maji yaliyokenekwa, nusu kwa nusu. Na asiyesubiri injini ipoe kabla ya kufungua mfuniko huo ataungua uso. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini hii, ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ikichemshwa mara mbili tatu hujikunja, gasketi inayoziba kati yake na bloku ikaungua, na hapo bei ya thamostati itaonekana kama ya pipi.

Jana nilisimama tena Mnazi Mmoja kwa dakika ishirini, injini ikiunguruma. Mshale ulifika katikati, feni ikaanza kuvuma, mshale ukabaki pale pale. Thamostati mbili zilizobaki nimezirudisha kwa fundi, nikamwomba azirudishe kwa wenyewe, amesema hawakumbuki.